Jogoo wa Ukweni

Tangu turudi, kila anayeingia kwenye stesheneri ninakofanya kazi pale Ilomba, Mbeya, ananiuliza swali lilelile: ilikuwaje mkaondoka watatu mkarudi wawili, halafu Lwitiko akaja siku mbili baadaye, peke yake, kwa basi jingine? Lwitiko amewaambia tumbo lilimsumbua. Zuhura amewaambia, "Mwulizeni Tusa." Tusa ndiye mimi. Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila mtu akiondoka na kipande anachokipenda, kwa hiyo naandika mara moja, mwenye kusoma asome.

Tumbo la Lwitiko lilikuwa zima. Aliyekosea ni mimi. Lakini sitaanza na kosa langu. Nitaanza na hasira zangu, maana ndizo zilizotangulia, na mpaka leo sijazimaliza.

Kwa asiyetufahamu: Lwitiko anatengeneza simu, ana kibanda chake karibu na stendi. Zuhura anauza vitenge dukani kwa baba yake; wao asili yao ni pwani, lakini babu yake alishazikwa Mbeya na yeye mwenyewe baridi ya Julai haimtishi. Tuko pamoja tangu kidato cha kwanza. Mimi niliishia kidato cha nne. Kuchapa, kupanga kurasa, kutengeneza kadi za harusi, nimejifundisha mwenyewe kwa simu. Wanyama nimejifundisha kwa kitabu kisicho na jalada nilichokinunua soko la Mwanjelwa. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: anaogopa sana kukosea mbele za watu, kwa sababu hana mwalimu wa kumsingizia.

Na safari hii ilikuwa ya Lwitiko. Hilo mlijue kabla ya yote. Yeye amekulia milimani upande wa Tukuyu, ambako mvua inanyesha mpaka watu wanaisema vibaya. Siku nilipomsomea kwamba wakati wa kiangazi tembo wa Ruaha huchimba visima kwenye mchanga wa mto uliokauka, alicheka akasema tembo hana jembe. Kisha akaacha kucheka. Tangu hapo, kwa miaka mitatu, hata akiwa ameinamia simu ya mteja, alikuwa akiinua kichwa ghafla: "Tusa, hivi wale tembo wako wanachimba kweli?" Tulikuwa na siku moja tu ya kuingia hifadhini ili akaone. Siku moja.

Mbeya hadi Makambako

Ratiba niliiandika mara saba. Mara ya saba nikaichapa, nikaipitisha kwenye leminesheni, nikampa kila mtu nakala. Mstari wa kwanza ulisema: begi moja kwa kila mtu.

Saa kumi na moja na nusu asubuhi Lwitiko akatokea stendi na mkungu mzima wa ndizi mbichi begani.

"Hiyo ni nini?"

"Ndizi."

"Naona ni ndizi, Lwitiko. Zinakwenda wapi?"

"Idodi. Mama kasikia tunapita Idodi. Kaka yangu kaoa pale, na tangu harusi hakuna mtu wa kwetu aliyekanyaga. Napitaje mlangoni kwa wakwe mikono mitupu?"

"Hatupiti mlangoni kwao. Tunapita barabarani."

"Madam Ratiba," akasema, akiutua mkungu juu ya begi langu, "barabara inapita mlangoni kwao."

Sijamaliza kupumua, Zuhura akaja na ndoo ya lita ishirini iliyojaa mchele, imefungwa kitambaa juu kama mgonjwa wa jino. Ya shangazi yake anayekaa Mlandege, Iringa mjini. Nikamwonyesha mstari wa kwanza wa ratiba. Akausoma kwa sauti, akasema, "Si nimebeba begi moja? Hii ni ndoo."

Hili ndilo linalonikera katika sehemu zetu hizi. Huwezi kusema unasafiri. Ukitamka tu jina la mji, kila mwenye ndugu huko anakufanya lori. Na wanaokubebesha hawakuombi, wanakutaarifu.

Kwenye basi, kiti changu cha dirishani kilikuwa na mama mmoja mwenye kikapu mapajani. Nikamwonyesha tiketi. "Mwanangu," akasema kwa upole wa kutisha, "mimi nisipokaa dirishani natapika." Nikamwachia. Hadi Makambako alikuwa amekula mahindi mawili ya kuchemsha, mayai matatu, pamoja na nusu ya karanga zangu, na alikuwa anakoroma na kichwa chake begani kwangu. Hakutapika hata kidogo. Nilikaribia kumtakia atapike, ili mmoja wetu awe na haki.

Chimala, kondakta akasema tunasimama dakika kumi. Wakaanza kupakia magunia ya mchele juu ya basi. Nilipima: dakika hamsini na tano. Nilipomfuata kumwuliza, akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka mimi ni nani.

"Dada, dakika kumi ni za kuchimba dawa vichakani. Mchele una dakika zake."

Abiria wote wakacheka, na Lwitiko akacheka kuliko wote. Mimi nilirudi kwenye kiti, nikatoa kalamu na kuandika muda mpya pembeni ya ratiba, lakini kalamu haishiki kwenye plastiki. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Makambako kulikuwa na ule upepo wake wa kukata masikio. Wenzangu walikula chipsi na kuku wamesimama, wakipuliza vidole. Mimi sikushuka, kwa kuogopa basi lisiniache. Kwa hiyo nilifika Iringa na njaa, na hasira ya mtu mwenye njaa mnaijua.

Mlandege

Mpango wangu wa Iringa ulikuwa hivi: kufikisha ndoo, dakika tano mlangoni, kisha kupanda jiwe la Gangilonga kuangalia mji jua likizama. Nilikuwa nimeshasoma ni saa ngapi mwanga unakuwa mzuri.

Shangazi yake Zuhura alitupokea na vilio vya furaha, akatutoa viatu karibu kwa mikono yake, na harufu ya pilau ikatoka ndani kabla hatujaketi.

"Shangazi, sisi tumepita tu," nikasema.

"Mmepita?" Akamgeukia Zuhura. "Huyu mwenzio ni mgeni wa wapi? Watu wanitolee mchele Mbeya mpaka hapa, mimi niwashukuru wakiwa wamesimama mlangoni kama wasoma mita?"

Tukala. Nakiri pilau ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyowahi kula, na hilo liliniudhi zaidi, maana sikuweza hata kuilaumu. Tulipomaliza nikainuka. Shangazi akasema tungoje ndoo. Ndoo ilikuwa imeshaoshwa, ipo pale, inang'aa. Nikainyooshea mkono.

"Itakwendaje tupu?" akauliza, kwa mshangao wa kweli.

Akaanza kukanda unga. Nasema alianza kukanda, wala si kwamba vitu vilikuwa tayari. Visheti vilikandwa, vikakatwa, vikakaangwa, vikamwagiwa shira, vikangojewa vipoe, na muda wote huo mimi nilikuwa natazama ukuta wa jirani, ambako mwanga wa jua ulikuwa unapanda taratibu kuelekea bati. Ulipofika kwenye bati nikaenda chooni nikalia. Naam, nililia kwa sababu ya visheti. Niliahidi kuandika ukweli.

Shangazi aliona macho yangu. Zuhura akamwambia, kwa kucheka, kwamba nilitaka kuona Gangilonga. "Lile jiwe?" akasema shangazi. "Lipo tangu sijazaliwa. Kesho nenda kalione." Nikamwambia kesho hatutakuwepo. Akaniwekea visheti vingine kwenye sahani, kama vile nilichosema ni habari ya njaa.

Iringa hadi Idodi

Dereva tuliyepatana naye anaitwa Kihwele, Mhehe wa Iringa, mwenye Land Cruiser kuukuu na maoni kuhusu kila kitu. Alifika saa kumi na moja alfajiri kamili. Nilitaka kumkumbatia. Alipoona mkungu akapiga kofi.

"Nyie Wanyakyusa! Hata mkiitwa mbinguni mtapita kwanza shambani kukata ndizi."

"Na nyie tutawakuta langoni mnaomba moja ya kuchoma," Lwitiko akamjibu, na urafiki wao ukaanza papo hapo.

Tulitoka mjini tumevaa masweta. Barabara inashuka na joto linapanda kukutana nawe, sweta linavuliwa, kisha vioo vinashushwa. Ardhi ikageuka nyekundu, kisha ya kijivu, migunga ikawa mingi kuliko nyumba, na vumbi likaingia mahali ambapo sikujua kuna uwazi. Kwa saa nzima sikuwa na hasira. Lwitiko alikuwa mbele, kichwa nje kama mtoto, akihesabu vijito vilivyokauka. "Mwe! Na huu nao hauna maji?" Kila mara alikuwa anashangaa upya.

Idodi nilikuwa nimeiandikia dakika kumi na tano. Kihwele alitushusha mlangoni kwa wakwe akaenda kutafuta fundi wa kuziba pancha ya tairi la akiba.

Mama mkwe alikuwa mama mrefu, mkimya, mwenye aibu kidogo. Lwitiko akachuchumaa. "Kamwene, mama." Akaitikia, akatukaribisha mkekani, akaleta chai ya maziwa na viazi. Mkungu ulikuwa katikati ya uwanja. Hakuugusa. Nikadhani hajaelewa kuwa ni wake.

"Mama, hizi ni zako," nikasema, nikizisogeza kwa mguu.

Zuhura alinifinya. Mama mkwe akaangalia pembeni, akasema taratibu, "Najua, mwanangu. Lakini siwezi kuzipokea peke yangu. Watasema nimekula kitu cha wakwe kwa siri. Ngojeni baba yenu mdogo atoke kwenye vitunguu."

Shamba la vitunguu lilikuwa ng'ambo ya mfereji. Mtu akatumwa. Baada ya nusu saa tukamwona baba mdogo anakuja, suruali imekunjwa, matope magotini. Nikasimama, nimeshashika begi. Akatusalimia kwa mbali kwa mkono, akatupita, akaenda kuoga.

Alikwenda kuoga! Kisha akatoka amevaa koti. Kwenye joto lile, koti zito la suti, lenye alama za mikunjo ya sandukuni, na akakaa, na akatuuliza habari za Mbeya, za mvua, za mama yake Lwitiko, za kaka yake, za barabara. Lwitiko alijibu kila swali kwa utulivu kama mtu ambaye hana tembo wa kwenda kuwaona. Kisha akaeleza namna ya kupika zile ndizi, na wakwe wakasikiliza kama darasa. Nilikuwa natafuna ndani ya shavu langu.

Mwisho baba mdogo akasimama. Jogoo mwekundu akaletwa, mkubwa, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

"Mmetuletea chakula cha kwenu," akasema. "Nasi tunawapa kinachowika. Kikawike kule kwenu, mama yako akisikia ajue binti yetu ana watu."

Lwitiko alimpokea kwa mikono miwili, kichwa chini.

Na hapa ndipo kosa langu linapoanza. Nyuma ya ile ratiba nilikuwa nimechapa masharti ya kuingia hifadhini. Hakuna aliyesoma nyuma isipokuwa mimi. Sharti la nne lilisema mnyama au ndege wa kufugwa haingii. Nilifungua mdomo pale uwanjani. Lwitiko akanitupia jicho: si sasa. Nikafunga mdomo, na kwa hilo sijilaumu. Mbele ya lile koti hata ninyi msingesema.

Lakini tulipokuwa tunamweka yule jogoo kwenye kikapu chenye mfuniko, Kihwele akiwa bado hajarudi, Zuhura aliniuliza kwa sauti ya chini, "Tusa, hivi huyu anaruhusiwa kuingia?"

Nikamjibu, "Tutaona langoni."

Kikapu kikaingia nyuma ya gari chini ya mabegi. Kihwele alipokuja alipakia tairi lake pembeni na hakuuliza. Alidhani ni mboga. Tukaondoka saa tatu na nusu badala ya saa moja na robo.

Idodi hadi langoni

Njia yote ile sikusema. Nilikaa nyuma ya Lwitiko, nikiangalia kisogo chake, naye alikuwa anapiga mluzi. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni. Ilikuwa fupi. Sikuisema kwa sababu nilitaka aisikie kwa askari. Safari nzima nilikuwa nimechekwa, na mara moja tu nilitaka kitu kiharibike wazi, mbele ya wote, kwa kosa lisilo langu. Nilijiambia kwamba pale langoni tutamwacha jogoo kwa mtu, dakika tano, na somo litakuwa limeeleweka. Hata adhabu ya rafiki yangu nilikuwa nimeipangia muda.

Askari wa langoni alikuwa dada mchangamfu. Aliomba tufungue mlango wa nyuma. Mwanga ukaingia, na jogoo akawika.

Kihwele aligeuka polepole. "Nimeendesha gari hili miaka mingi," akasema. "Nimebeba Wazungu, nimebeba maharusi, nimebeba hata jeneza. Sijawahi kumpeleka jogoo kutalii."

"Huyu haingii," askari akasema. Akaeleza vizuri kabisa: kuku wetu wana kideri na magonjwa mengine, ndege wa porini hawana chanjo. Lwitiko akauliza kama anaweza kubaki pale langoni. Haiwezekani, akasema, si sehemu ya kutunzia mifugo, na jioni wako wanaopita hapa wakitafuta chakula.

"Basi mchinjeni mkamle huko mbali," Kihwele akasema.

"Hapana!" Lwitiko alisema kwa ukali ambao sijawahi kumsikia nao. "Huyu anatakiwa awike nyumbani."

Idodi ilikuwa mbali mno kwa muda uliobaki, ikabidi turudi mpaka Tungamalenga, kijiji cha mwisho tulichokuwa tumekipita. Lwitiko hakupiga mluzi tena. Alikuwa anajilaumu kwa sauti: "Ningejua. Jamani, ningejua." Nami nikiwa nyuma yake.

Tungamalenga

Kulikuwa na mama anakaanga maandazi chini ya kibanda cha nyasi. Zuhura, ambaye ana ulimi wa biashara, akamwomba atutunzie jogoo mpaka jioni.

Yule mama aliangalia kikapu, akaangalia nyuso zetu. "Mmetoka wapi?"

"Mbeya."

"Mmetoka Mbeya na jogoo mwekundu, amefungwa miguu, mnataka mniachie mimi, halafu nyie mwende porini?" Akarudi hatua moja nyuma. "Kwa nini mimi? Nani kawaelekeza kwangu?"

"Mama, hatujaelekezwa na mtu. Tumekuona tu."

"Ahaa. Mmeniona tu."

Kabla hatujajua la kusema, alikuwa ameita majirani, na majirani wamemwita mwenyekiti wa kitongoji. Nilikasirika. Binadamu mzima unadhaniwa mchawi kwa kuomba jogoo apewe kivuli! Lakini nikijiweka mahali pake, mgeni asiye na jina akiniachia jogoo mwekundu mlangoni na kuondoka, nami ningeita watu.

Mwenyekiti alikuja na daftari na kuketi kwenye kreti la soda. Akataka historia yote tangu mkungu. Lwitiko akaeleza, akataja jina la baba mdogo, na bahati nzuri mtu mmoja alimfahamu, akathibitisha kwamba lile koti lipo. Watu wakaanza kucheka. Mama wa maandazi akalegea. Mambo yalikuwa yanakwisha.

Mwenyekiti akafunga daftari. "Kwa hiyo, vijana, hamkujua kama kuku haruhusiwi?"

"Hatukujua, mzee," Lwitiko akasema. "Hakuna aliyejua kati yetu."

Nami nikasema, "Mimi nilijua."

Sikusema kwa kutubu. Nataka hilo lieleweke, maana wengine mmeshaanza kunisifu kwa ukweli wangu. Nilisema kwa sababu sikuweza kuvumilia kuhesabiwa pamoja na wasiojua. Nilikuwa nimesoma. Nilikuwa nimechapa. Mbele ya watu kumi nisiowajua nilitaka ijulikane.

Lwitiko akageuka. "Ulijua?"

"Ipo nyuma ya ratiba."

"Tangu lini?"

"Tangu Mbeya."

Hakupandisha sauti. "Kwa hiyo muda wote ule kwenye gari ulikuwa unajua."

Zuhura akasema, bila kuniangalia, "Nilikuuliza, Tusa. Nilikuuliza kabisa."

Hakuna aliyecheka tena, hata wale majirani. Mwenyekiti, ambaye naamini alitaka tu tuondoke, akatoa uamuzi: jogoo anaweza kubaki kijijini kama mwenyewe anabaki naye. Asiye na mwenyewe hawamtaki.

"Nitabaki mimi," nikasema haraka.

"Umepewa wewe?" Lwitiko akaniuliza. "Wamemweka mikononi mwako?"

Alikuwa na haki. Kitu cha wakwe kina mkono wake. Akikipokea mtoto wa nyumba, yeye ndiye anayekifikisha, na kumwachia mtu mwingine njiani ni sawa na kukitupa. Ningeweza kubishana naye kuhusu saa, kuhusu barabara, kuhusu chochote, lakini si hilo. Nami pia ni Mnyakyusa.

Akakitoa kikapu garini, akakiweka kivulini, akaketi kando yake.

"Nendeni," akasema. "Mkikaa hapa wote, hata huo muda kidogo uliobaki unakwisha."

Zuhura alisita. Kihwele alikuwa ameshawasha gari, jua limeshapita utosini. Tukaenda. Mpaka leo sijui kama nilipaswa kukataa kupanda. Nilipanda.

Ndani ya hifadhi

Tuliingia saa nane, na kabla ya saa kumi na mbili ilibidi tuwe nje. Joto lilikuwa la kukausha macho. Mbung'o walitung'ata kupitia nguo. Tulikula visheti vya shangazi kutoka kwenye ndoo. Nilimwona tandala dume, mwenye zile pembe zilizojisokota ambazo nilizichora mara nyingi kutoka kwenye kitabu changu, na nikagundua kwamba kitabu kimekosea rangi. Kwa kawaida ningemwambia kila mtu. Zuhura alikuwa anaangalia upande mwingine.

Kisha Kihwele akatupeleka kwenye mto wa mchanga, akazima gari. Tulikaa pale karibu saa nzima. Tulichokiona, au ambacho hatukukiona, siandiki. Sababu nitaieleza.

Tulipotoka tukasimama Tungamalenga. Kibandani hakukuwa na Lwitiko wala kikapu. Mama wa maandazi, ambaye mchana alituona wachawi, sasa alikuwa anamsifu: amemtengenezea simu yake iliyokufa mwaka mzima, na jogoo kala mtama wake mpaka kashiba. Lwitiko alipata gari la kurudi Idodi, akaenda kulala kwa wakwe.

"Kaacha salamu?" nikauliza.

"Kasema msimsubiri."

Mimi na Zuhura tulirudi Mbeya kesho yake. Kutoka Iringa hadi Uyole tuliongea mara mbili, zote kuhusu dirisha. Basi liliwahi. Halikusimama popote zaidi ya ilivyopaswa, na sijawahi kuchukia basi kiasi kile.

Mbeya

Lwitiko aliporudi niliacha siku tatu zipite, kisha nikaenda kibandani kwake. Nilikuwa nimeandika nitakachosema na kukikariri. Alikuwa amefungua simu ya mtu, vipande vimepangwa mezani juu ya kitambaa.

"Jogoo yuko Tukuyu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Anawika saa tisa usiku. Mama kafurahi, majirani hawajafurahi."

"Nimekuja kuomba msamaha kwa kutosema pale uwanjani."

"Pale uwanjani hata ungesema ningempokea. Ningempokea mara kumi."

Kifua changu kikafunguka. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilidhani nimepona. "Kumbe kosa halikuwa..."

"Ungesema kwenye gari, Tusa," akanikatiza. "Tungegeuza palepale, ningemrudishia mama mkwe anitunzie mpaka jioni. Kumwacha kwa aliyenipa si kumtupa njiani, na tunaingia watatu. Dakika ishirini. Wewe ulikaa nyuma yangu ukingoja niumbuke."

"Ndiyo," nikasema.

Akainua macho. Nadhani hakutegemea neno fupi kutoka kwangu.

"Na kwa nini unawaambia watu ni tumbo?" nikamwuliza, na hasira ikanirudia, kwa sababu hata hilo lilikuwa linanichoma, kufichiwa aibu na mtu niliyetaka kumwaibisha. "Nani kakuomba unifichie?"

"Ulitaka niwaambie nini?"

"Ilivyokuwa."

"Waambie wewe. Si unajua kuandika?"

Basi ndiyo haya. Nilimwambia nitaandika yote, tangu stendi mpaka mtoni. Nilipotaja mtoni akaweka bisibisi chini.

"Mtoni usiandike. Wala usinisimulie, wala Zuhura asinisimulie, nimeshamwambia. Nikifika pale nataka niwe sijui."

Kwa hiyo msiniulize kama tembo wanachimba. Mnaotaka kujua, nauli zipo, barabara ipo.

Nikamwuliza anafikiri atakwenda lini. Akasema kiangazi kijacho. Nikamwuliza atakwenda na nani.

Alichukua bisibisi, akainamia tena ile simu. "Sijaamua," akasema.